Nimemwiga Claudio Abbado, kwaya imenivurugikia

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia, tuko waimbaji arobaini hivi, tunatumia nota za sol-fa. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiangalia video za Claudio Abbado, yule mwongozaji wa okestra kutoka Italia, akiongoza simfonia za mtunzi Mahler kule Lucerne, Uswisi. Haangalii kitabu, mkono wa kulia unacheza kidogo tu, wa kushoto unaelea, anatabasamu, na watu kama mia wanamfuata. Nikaacha kupiga mapigo, nikaanza kuongoza kama yeye. Sasa soprano wanakimbia, besi wanaburuta, na mama mmoja wa alto ameniambia, 'Mwalimu, hatujui tukuangalie wapi.' Mpiga kinanda wetu anasema waongozaji wa okestra ni maonyesho tu. Wapigaji wana nota zao mbele na wangepiga vilevile bila yeye. Je, yule mzee anafanya kitu kweli? Kama anafanya, mtu anaweza kujifunza kwa video? Halafu bega la kulia linaniuma, Jumapili jioni hata kuvua shati ni kazi."

Milele amina, Mwalimu, na pole kwa bega. Nitalifikia mwishoni, ingawa wewe usilisubirishe. Nikisoma swali lako naona wasiwasi wa namna mbili: labda video zimekudanganya, labda wewe huna kipaji. La kipaji liondoe. La video lina ukweli kidogo. Abbado anafanya kazi kubwa pale jukwaani, ila kinachoonekana kwenye kamera ni kipande cha mwisho cha kazi hiyo. Ni kama kumwona mtu akipakua pilau ukadhani umeshajua kupika.

Nianze na mpiga kinanda wako, maana hoja yake si ya kipuuzi. Okestra nzuri ikishakijua kipande inaweza kukipiga bila mtu mbele. New York kuna okestra iitwayo Orpheus, iliyoanzishwa 1972, ambayo haina mwongozaji kabisa. Lakini ni okestra ndogo, na kila jambo ambalo mwongozaji angeliamua peke yake wao hulijadili mazoezini, jambo linalokula muda. Kwa hiyo hata kwao kazi ya mwongozaji ipo, wamegawana tu. Ukiwa na wapigaji tisini na simfonia ya saa moja na nusu, kugawana huko hakuwezekani.

Na hizo "nota zao mbele" si kama karatasi zenu. Karatasi ya sol-fa ina sauti zote nne, moja chini ya nyingine. Besi akitaka kujua soprano wamefika wapi, anainua macho mistari mitatu juu. Mpiga violini anaona mstari wa violini tu. Mpiga tromboni katika Simfonia ya 5 ya Beethoven anakaa kimya sehemu tatu nzima, kisha sehemu ya nne anaingia kwa nguvu, na hajaonyeshwa wengine wanapiga nini kwa ukamilifu. Mwenye picha nzima ni mmoja, yule aliyesoma partitura, kile kitabu chenye mistari ya kila chombo.

Halafu kuna jambo la sauti yenyewe, ambalo linawahusu ninyi pia. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Jukwaa likiwa na upana wa mita 17, sauti ya mpiga wa upande mmoja inamfikia wa upande wa pili imeshachelewa sehemu ya ishirini ya sekunde. Inaonekana ndogo, lakini katika muziki wa kasi sikio linaisikia kabisa. Anayesubiri kusikia ndipo apige amechelewa, na anayemsikiliza yeye anachelewa zaidi. Jicho halina shida hiyo. Mkono ukishuka, wote wanauona kwa wakati mmoja. Sasa fikiria kanisa lenu, kinanda kipo kona moja, spika ziko ukutani, kwaya iko upande mwingine, na juu kuna bati linalorudisha mwangwi. Ulipoacha kupiga mapigo uliwanyang'anya watu kitu cha kuangalia, wakabaki na masikio. Besi wanafuata sauti iliyowafikia kwa kuchelewa, nao wanaburuta. Soprano wameona mambo yanalegea, wakaamua kuongoza wenyewe. Kwaya yako haikuasi, Mwalimu. Imefanya kile ambacho kwaya yoyote ingefanya.

Pigo lenye thamani kuliko yote ni lile la kimya, linalotangulia sauti ya kwanza. Mkono unapanda, na katika kupanda huko mwimbaji anapata mwendo, anapata ukubwa wa sauti, na anapata mahali pa kuvuta pumzi. Mkono ukipanda taratibu na laini, watavuta pumzi ndefu na kuanza kwa upole. Ukiruka ghafla, wataanza kwa ukali hata kama karatasi imeandikwa polepole. Mwangalie Abbado tena, lakini safari hii sitisha video sekunde moja kabla ya muziki kuanza, kisha iachie. Utamwona anavuta pumzi pamoja nao. Hapo ndipo pa kujifunza, na watu wengi hupapita kwa sababu bado hakuna sauti.

Video inapotosha kwa namna nyingine tena. Okestra kubwa za Berlin na Vienna zina desturi ya kutoa sauti baada ya mkono kushuka, si pamoja nao. Mwongozaji anatangulia kidogo, wapigaji wanajaza nyuma yake. Wewe ukiwa sebuleni na simu, ukaanza kupunga ili mkono wako ulingane na sauti unayoisikia, unajizoeza kuufuata muziki. Ukisimama mbele ya kwaya ukiwa na zoea hilo, wewe unawasubiri wao na wao wanakusubiri wewe, na mwendo unakufa.

Tuje kwa mzee mwenyewe. Alizaliwa Milan tarehe 26 Juni 1933, nyumba ya muziki: baba yake, Michelangelo Abbado, alikuwa mpiga violini na mwalimu, mama yake alipiga piano. Akiwa bado mtoto alisikia muziki wa mtunzi Debussy pale La Scala, jumba kubwa la opera la Milan, akatoka na nia ya siku moja kuuongoza yeye. Alisoma Milan, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaenda Vienna kwa mwalimu Hans Swarowsky, mtu aliyejulikana kwa kuwalazimisha wanafunzi waichambue partitura mpaka mifupa na waongoze bila kupoteza harakati hata moja. Ile mikono unayoiona ikielea ilipita kwanza kwenye shule hiyo kavu.

Na hapa kuna habari ambayo nadhani wewe kama mwalimu wa kwaya utaipenda. Abbado na mwanafunzi mwenzake kutoka Bombay, Zubin Mehta, walitaka kuwaona waongozaji wakubwa wakifanya mazoezi, na mazoezi hayo hayakuwa wazi kwa kila mtu. Wakajiunga na kwaya ya Musikverein, ukumbi maarufu wa muziki wa Vienna, wakasimama kwenye besi. Kwa njia hiyo waliwaona Bruno Walter na Herbert von Karajan wakifanya kazi, tena kwa upande wa mbele, pale wanapoonekana uso na mikono. Mtazamaji wa kawaida ukumbini huona mgongo. Vijana wawili ambao baadaye walitikisa dunia walijifunza wakiwa wanakwaya, wakihisi kwenye koo zao mkono gani unasaidia kuvuta pumzi na upi unaibana.

Baada ya hapo safari yake ilikwenda kwa hatua, si kwa muujiza. Alipata tuzo za waongozaji vijana: ya Koussevitzky huko Marekani 1958, ya Mitropoulos 1963, ambayo ilimpa nafasi ya kuwa msaidizi kwenye okestra ya New York Philharmonic ya Leonard Bernstein. Mwaka 1965 Karajan alimwalika Salzburg, akaongoza Simfonia ya 2 ya Mahler na Vienna Philharmonic. Kuanzia 1968 mpaka 1986 alikuwa La Scala. Huko alifanya kitu ambacho matajiri wa Milan hawakukifurahia wote: aliwafungulia wafanyakazi na wanafunzi milango, na pamoja na mpiga piano Maurizio Pollini na mtunzi Luigi Nono wakapeleka muziki mpaka viwandani. Aliongoza London Symphony kuanzia 1979, opera ya serikali ya Vienna kuanzia 1986 hadi 1991. Oktoba 1989, miezi michache baada ya Karajan kufariki, wapigaji wa Berlin Philharmonic walimpigia kura awe kiongozi wao. Kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa chini ya Karajan, mtu aliyeongoza akiwa amefumba macho na ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Huyu mpya akawaambia wamwite Claudio tu.

Kilichobadilika Berlin ndicho kinachokushangaza kwenye video. Mazoezini Abbado alisema machache sana, na alichokirudia zaidi ya chochote ni kwamba wasikilizane. Alitaka okestra ya watu mia ipige kama watu wanne waliokaa kwenye duara, ambapo mwenye oboi anajua selo wanakwenda wapi na anampa nafasi. Mkono wa kulia ulishikilia mwendo. Wa kushoto ulikuwa kwa ajili ya yule mwenye jambo la kusema wakati huo, kama kumwambia, "Wengine wamekupisha, sema." Mara nyingi hakuwa na kitabu mbele, kwa sababu alikuwa amekisoma mpaka kikamwingia, na macho yake yakawa huru kuwatazama watu.

Sasa nikuambie upande ambao mashabiki wake huuruka. Njia hii iliwachosha wengine. London na Berlin walikuwepo wapigaji waliolalamika kwamba mazoezini hawajui anataka nini, kwamba anasimamisha bila kueleza, kwamba muziki unakuja kufunguka siku ya onyesho tu. Na nadhani walikuwa na haki ya kulalamika. Ukimya wa mwongozaji unafaa pale ambapo kila aliyekaa mbele yake anaweza kujaza ule ukimya kwa maarifa yake. Mtu aliyeanza kuimba tenori mwezi uliopita, anayesoma sol-fa kwa kufuata kidole cha jirani, ukimya haumpi uhuru wowote. Unamwacha njia panda.

Uangalie basi Lucerne, maana ndipo ulipomkuta. Mwaka 2000 Abbado alipatikana na saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji mkubwa. Aliondoka Berlin 2002, na 2003 akaanzisha upya okestra ya tamasha la Lucerne. Kiini chake kilikuwa Mahler Chamber Orchestra, vijana aliowalea yeye mwenyewe, na wakaongezeka marafiki zake: Sabine Meyer kwenye klarineti, Natalia Gutman kwenye selo, watu ambao kila mmoja angeweza kujaza ukumbi peke yake. Walikuja wakati wa kiangazi kwa sababu walitaka kupiga naye. Kwa hiyo unayemwona ni mtu wa miaka sabini na zaidi, aliyenusurika ugonjwa, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka arobaini, mbele ya watu wanaomjua kwa kupepesa jicho. Agosti 2010, walipomaliza Simfonia ya 9 ya Mahler, ukumbi mzima ulikaa kimya karibu dakika mbili kabla ya mtu kupiga makofi. Ukimwiga kuanzia hapo, umeruka kila kitu kilichomfikisha hapo.

Mimi nikiulizwa alichoacha Abbado, nitataja vijana kabla ya kanda na rekodi. Alikuwa mwongozaji wa kwanza wa okestra ya vijana ya Jumuiya ya Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 akaanzisha Gustav Mahler Jugendorchester, ambayo iliwapa nafasi vijana wa Austria na wa nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki, zile zilizokuwa nyuma ya pazia la chuma, kukaa pamoja. Kutoka humo ikazaliwa Mahler Chamber Orchestra mwaka 1997, na mwaka 2004 akaongeza Orchestra Mozart ya Bologna. Leo ukichunguza okestra za Ulaya utakuta wengi waliopita mikononi mwake, wakiwa na tabia ileile ya kugeuza shingo kumsikiliza jirani. Miaka ya 2000 alikwenda Venezuela kufanya kazi na vijana wa El Sistema, mpango wa nchi hiyo wa kufundisha watoto muziki wa okestra, akamsaidia mwongozaji kijana Gustavo Dudamel kujulikana. Agosti 2013 Italia ilimfanya seneta wa maisha, naye mshahara wake akaupeleka shule ya muziki ya Fiesole. Alifariki Bologna tarehe 20 Januari 2014. (Aliwahi pia kuiambia Milan kwamba malipo yake ya kurudi La Scala yawe miti 90,000 ipandwe mjini. Mawakala wa wasanii sijui walilipokeaje hilo.)

Kwa hiyo, je, unaweza kujifunza kwa video? Kiasi. Video za maonyesho zitakufunza machache. Tafuta za mazoezi, za mwongozaji yeyote, ambapo anasimamisha na kurekebisha. Utajifunza zaidi katika nusu saa ya kusimamisha kuliko katika saa moja na nusu ya Mahler. Lakini hakuna video itakayokuambia kwamba kidole chako kinatetemeka kabla ya kuingia, au kwamba unapiga vizuri huku umetazama karatasi. Hilo linahitaji mtu aliyesimama mbele yako.

Nikiwa mahali pako ningerudisha mapigo Jumapili hii hii, ya kawaida, mkono wa kulia peke yake, wa kushoto umelala. Usione aibu, waimbaji watashukuru. Ungekaa hivyo mpaka kwaya itulie, kisha mkono wa kushoto uurudishe kwa kazi moja tu, kumkaribisha anayeingia. Mazoezini, tenga dakika kumi za mwanzo kwa kitu ambacho kweli ni cha Abbado: wapange kwenye duara, besi jirani na soprano, wimbo wanaoujua vizuri, nawe kaa chini na mikono mapajani. Waambie wafuate pumzi ya wenzao. Mara ya kwanza itakuwa fujo. Usiinuke. Watakapoanza kuwatafuta wenzao kwa macho, utasikia mwendo unajishika, na siku ukisimama mbele yao tena utakuwa na mzigo mdogo wa kubeba.

Na chagua wimbo mmoja, mfupi, uusome mpaka uweze kufunga karatasi ukaimba kila sauti peke yake, na kutaja nani anaingia wapi kwa neno lipi. Ukiweza hivyo ndipo uongoze bila kitabu. Kabla ya hapo, kuacha kitabu ni kujionyesha, na besi watagundua kabla yako.

Ukipata nafasi, ingia kuimba kwenye kwaya ya mwalimu aliyekuzidi, hata kwa msimu mmoja, ukae kwenye sauti yako kama wengine. Naona kuna walimu wanaokataa kwa sababu ya heshima ya cheo. Abbado alifanya hivyo Vienna akiwa ameshamaliza konsevatori, yaani chuo cha muziki, cha Milan. Na kama unataka kusoma kwa utaratibu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha kinafundisha muziki hadi shahada, na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music. Waulize wenyewe kuhusu mafunzo ya kuongoza na ada kabla ya kufunga safari. Mtu akisema hata hivyo huku kwetu okestra haiwezekani, mtajie Kinshasa, ambako Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994, na mwanzoni wapigaji walikuwa wakipokezana vyombo kwa sababu havikutosha.

Bega sasa. Anayeongoza mkono ukiwa juu ya bega kwa muda mrefu anazibana kano zinazopita chini ya mfupa wa bega, na kila Jumapili anaziongezea msuguano. Shusha mapigo yote yawe kati ya kitovu na kifua, kiwiko kikae chini, kazi kubwa ifanywe na kigasha na kiganja. Kama waimbaji wa nyuma hawakuoni, panda kwenye kijukwaa, usiinue mkono. Hayo ni ya kuzuia. Kwa lililokwishaanza kuuma, mimi ni mtu wa muziki. Nenda hospitali uombe kuonana na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama maumivu yamepita wiki mbili, yanakuamsha usiku, mkono haupandi tena kama zamani, au vidole vinakufa ganzi. Kama una kisukari mwambie daktari mapema, kwa sababu wenye kisukari hupata zaidi tatizo la bega kukakamaa. Na likija siku moja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, hilo si la kuongoza kwaya, nenda palepale. Jumapili hii mwachie msaidizi wako wimbo wa kuingilia na wa matoleo, wewe ongoza Utukufu peke yake, mkono chini. Jumatatu asubuhi uwe kwenye foleni ya daktari.